Kufunga dau hakuzalishi faida: jibu kwa mpenzi wa kriketi

Swali: Ndugu mchambuzi, habari za kazi. Ninaishi Leicester, na kwa misimu miwili nimekuwa nikifanya biashara ya mechi za T20, yaani kriketi ya ova ishirini kwa kila timu, kwenye Betfair, soko la mtandaoni ambako watu huwekeana madau wao kwa wao, kama burudani ya jioni. Hununua timu inayopiga (huweka dau kwamba itashinda) mwanzoni mwa ova sita za kwanza, kila ova ikiwa na mipira sita, kisha huiuza (huweka dau kwamba haitashinda) odi ikishuka ili nipate faida ileile yoyote atakayeshinda; huku ndiko kufunga dau. Faida ndogondogo zinapatikana mara nyingi, lakini wiketi moja, yaani mpigaji mmoja kutolewa, huzimeza zote. Kuna mwalimu kwenye Telegram anayeuza mafunzo pamoja na programu inayofunga dau yenyewe kwa pauni 400, na anasema kwamba anayefunga dau kila mara hachezi kamari. Je, tatizo langu ni kasi, na programu hiyo itanisaidia?

Jibu: Kasi inakuumiza, ndugu yangu, lakini si chanzo cha hasara yako, na programu ya pauni 400 haitagusa chanzo hicho. Kauli ya mwalimu wako kwamba anayefunga dau hachezi kamari naikuta karibu kila ninapoulizwa kuhusu masoko haya, na inanikera kuliko nyingine zote kwa sababu ina sura ya hesabu ilhali ni nusu tu ya hesabu.

Tuseme umenunua timu kwa pauni 100 kwa odi ya 2.00, yaani ikishinda unarudishiwa mara mbili ya dau lako. Odi ikishuka hadi 1.60 nawe ukauza kwa dau la pauni 125 (timu ikishindwa unapokea 125, ikishinda unalipa 75), utabaki na pauni 25 timu ikishinda na pauni 25 ikishindwa, kabla ya kamisheni. Mwalimu huishia hapo. Odi ikipanda hadi 2.50 nawe ukauza kwa pauni 80, utapoteza pauni 20 kwa matokeo yoyote. Kitendo ni kilekile, na kilichotofautiana ni upande ambao odi ilielekea baada ya wewe kuingia. Kama 2.00 ilikuwa odi ya haki, basi itafika 1.60 kabla ya 2.50 takriban mara 44 katika kila 100; zidisha mara hizo kwa pauni 25, kisha zidisha 56 zilizobaki kwa pauni 20, utaona kwamba faida na hasara zinafutana. Baada ya hapo Betfair hukata kamisheni kwenye faida halisi ya kila soko, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 5, na sifuri inageuka kuwa hasara ya polepole. Kufunga dau hugawanya kwa usawa faida au hasara ambayo tayari ipo, na faida yenyewe hutokana na kununua kwa odi iliyo bora kuliko nafasi halisi ya timu kushinda, jambo linaloamuliwa unapoingia na wala si unapotoka.

Sasa tuangalie mahali unapoingia. Katika ova sita za kwanza ni wachezaji wawili tu wa timu inayozuia wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara lililochorwa uwanjani, ndiyo maana mikimbio, yaani pointi za kriketi, hupatikana kwa wingi. Hilo linajulikana kwa kila mtu aliyeweka fedha katika soko hilo, awe Mumbai, London au Melbourne, na limeshaingizwa katika odi kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Ni sawa na mtu anayenunua tende usiku wa kuamkia Ramadhani akitumaini kuziuza kwa faida, akasahau kwamba muuzaji naye ana kalenda. Kama soko lilitarajia mikimbio 50 na wiketi moja katika ova hizo, na timu ikapata 50 na kupoteza wiketi moja, odi itarudi karibu na pale ilipoanzia, ijapokuwa uwanja mzima umeshangilia. Odi husogea kwa kile kilichozidi au kupungua matarajio tu. Umande wa usiku nchini India, ambao hulowesha mpira na kuwatesa warushaji, nao huuzwa katika mafunzo haya kama siri, ilhali manahodha huutaja hadharani wanapochagua kupiga au kuzuia baada ya kura ya shilingi.

Mbona basi unapata faida ndogondogo mara nyingi? Kwa sababu mipira mingi hupita bila wiketi, na kila ova inayopita salama huishusha kidogo odi ya timu inayopiga. Faida hizo ni malipo unayopewa kwa kubeba hatari ya wiketi, na wiketi inapoanguka unadaiwa ulicholipwa. Huu ndio mwenendo wa kawaida wa dau la aina yako, wala haukutokana na bahati mbaya.

Kuhusu programu, kumbuka kwamba wiketi haisogezi odi hatua kwa hatua. Inairusha. Ukiiamuru programu iuze kwa 2.50, huenda soko likatoka 2.00 hadi 2.80 bila mtu yeyote kukubali 2.50 katikati. Picha ya televisheni unayoiangalia imechelewa kwa sekunde kadhaa, ya intaneti huchelewa zaidi, na Betfair yenyewe hushikilia kwa sekunde kadhaa kila dau linalowekwa mechi ikiendelea. Wapo wenye taarifa za haraka kuliko zako, ambao huondoa madau yao na kuyachukua yale yaliyoachwa wazi na wengine. Kwa hiyo dau lako la kununua lililokuwa likisubiri bila mtu kulitaka, likapokelewa ghafla, mara nyingi limepokelewa na mtu aliyekwisha kuona kitu ambacho wewe utakiona baada ya muda.

Katika fainali ya Kombe la Dunia la T20 huko Barbados, tarehe 29 Juni 2024, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 30 kwa mipira 30, wakiwa na wiketi sita mkononi na Heinrich Klaasen akipiga anavyotaka. Klaasen alitolewa ova moja baadaye, na India wakashinda kwa mikimbio 7. Aliyekuwa amewanunua Afrika Kusini ili awauze muda mfupi baadaye hakuokolewa na nia yake ya kutoka mapema.

Walimu hawa wakiona mwanafunzi amechoshwa na wiketi humpeleka kwenye somo la pili, ambalo ni baya zaidi: kununua timu kwa 1.05 mechi inapokaribia kwisha, kwa madai kwamba matokeo yamekwisha kujulikana. Pauni 200 kwa odi hiyo huleta pauni 10, au 9.50 baada ya kamisheni ya asilimia 5, na ili usipate hasara lazima timu hizo zishinde zaidi ya mara 95 katika kila 100. Tarehe 9 Aprili 2023 huko Ahmedabad, Kolkata Knight Riders walihitaji mikimbio 29 katika ova ya mwisho, na baada ya mkimbio mmoja mpigaji wao Rinku Singh alipiga mipira mitano mfululizo, kila mmoja ukileta mikimbio sita. Jioni kama hiyo hufuta kazi ya mechi ishirini na zaidi.

Muulize mwalimu wako taarifa kamili ya akaunti yake, kila soko likiwa na kamisheni iliyokatwa, badala ya picha za jioni alizoshinda. Pauni 400 za kila mwanafunzi ni faida isiyo na wiketi, na ndiyo maana anauza mafunzo.

Baada ya mafunzo kama hayo kwa kawaida huja mwaliko wa kundi la mechi zilizopangwa, uleule wanaotumiwa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi kwa jina la mikeka ya uhakika. Katika kashfa ya mwaka 2010 kwenye uwanja wa kriketi wa Lord's, London, iliyowafunga jela wachezaji watatu wa Pakistan, wakala wao alipokea pauni 150,000 kutoka kwa mwandishi wa habari aliyejifanya mfanyabiashara, na kilichopangwa kilikuwa mipira michache haramu tu, wala si mshindi wa mechi. Taarifa ya bei hiyo haigawiwi kwa mamia ya wageni kwa pauni 30 kila mmoja. Anayeigawa huwatumia nusu ya wateja jina la timu moja na nusu nyingine jina la timu ya pili, kisha huwarudia waliopata na kuwaomba fedha zaidi, na safari hii huwaambia walete na za chama cha akiba.