Sweden iliunganishaje malezi na elimu ya awali?

Umeuliza kama kuhamisha vituo vya kulelea watoto kwenda wizara ya elimu kunabadilisha chochote zaidi ya kibao cha mlangoni. Sweden walihamisha mwaka 1996, kutoka wizara ya afya na ustawi wa jamii. Kibao peke yake kisingetosha. Mwaka 1998 wakaleta mtaala wa taifa wa watoto wa mwaka 1 hadi 5, na chekechea ikawa sehemu ya mfumo wa elimu.

Lakini kwa mzazi, mimi naona kilichouma au kupoza ni ada. Mwaka 2002 serikali iliweka ukomo kwa manispaa zitakazokubali: asilimia 3 ya kipato cha familia kwa mtoto wa kwanza, 2 kwa wa pili, 1 kwa wa tatu, wa nne bure, na hata tajiri halipi kupita kiwango fulani. Mwaka uliofuata watoto kuanzia miaka 4 wakapata saa 525 kwa mwaka bila malipo, hata kama mama yuko nyumbani.

Na usidhani watoto walikalishwa kwenye madawati. Mtaala ule haukuweka mitihani wala alama. Mtoto anahangaika na buti zake za mvua, mwalimu amechuchumaa pembeni anahesabu naye: moja, mbili. Hilo nalo ni somo. Wadogo wakichoka, wengi hulazwa nje kwenye vigari, baridi ile ile!