Mkuu, hiyo hamira irudishe dukani: togwa ni kimea

Mkuu, hiyo hamira irudishe dukani leo hii kabla hujafungua pakiti. Nimesoma uzi wako wote. Mama yako anatimiza miaka 70, unataka umwekee meza ya vitu vya utotoni: togwa (kile kinywaji cha uji uliotiwa kimea), mabumunda, kashata, barafu za ukwaju. Umeuliza kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kinauzwa wapi hapa Dar, watu 150 watahitaji togwa kiasi gani, mabumunda utayapata kwa nani, na kama ile njia ya kwenye video ya kupika uji, kutia sukari na hamira halafu kunywa kesho yake inafaa. Naona watu watatu wameshakujibu inafaa, na mmoja kaweka mpaka vipimo. Haifai. Mimi niliifanya mbele ya ukoo mzima, kwenye jubilei ya wazazi wangu ya miaka 50 ya ndoa.

Sisi kwetu Songea. Wazee walipanda basi Mbinga na Namtumbo, wakalala njiani, wakaja mpaka Dar kwa ajili ya siku hiyo. Baba alisema mapema kabisa kwamba soda tukinunua ni kwa ajili ya watoto, yeye anaomba togwa. Hakuomba kitu kingine. Kamati ikagawana kazi, na togwa nikaidaka mimi, maana niliikulia, niliinywa tangu sijaota meno, nikaona hiyo si kazi ya kumpa mtu mwingine.

Kimea nikanunua sokoni kikiwa kimeshasagwa. Muuzaji aliapa kimetoka Songea, na sina sababu ya kusema alinidanganya. Ila kilitoka lini? Kilianikwa juani au kilikaushwa kwa moto? Hayo sikuuliza, na hayo ndiyo yenye maana. Kimea kilichopitishwa kwenye moto mkali kimekufa. Rangi yake ni ileile, harufu ileile, ukikilamba utasema ndicho, lakini kazi hakifanyi tena. Kwa macho huwezi kukijua.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa linakuja.

Tulikuwa tumemkodi mpishi wa shughuli, mtu mwenye jina, sufuria kubwa kubwa na wasaidizi. Nilipomwonyesha kimea changu akaniambia, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa, kwamba kimea kibichi kinaumiza tumbo, kwa hiyo nikitie uji ukiwa unachemka ili kiive. Nikasita. Nilikumbuka mama hakuwa akifanya hivyo. Mama yangu yuko hai, simu anayo, na ningeweza kumuuliza kwa dakika mbili tu. Sikumpigia, kisa nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza. Nikamsikiliza mpishi. Kimea chote kikaingia kwenye uji unaotokota.

Sasa nikueleze kilichopaswa kutokea, ili uelewe hasara yenyewe. Kwetu mama alikuwa anasonga uji mzito kweli, mwiko unasimama wenyewe katikati ya chungu. Anauepua, anauacha upoe. Kila baada ya muda anachovya kidole. Kidole kikistahimili joto, ananyunyiza kimea huku anakoroga, halafu anaachia mwiko. Sisi watoto tumechutama pembeni tunaangalia mwiko tu. Kwanza umesimama. Mara unaanza kuegemea, taratibu, mpaka unalala kwenye ukingo wa chungu. Uji umefunguka. Ukichota wakati huo unatiririka kama maziwa, na ukiulamba una utamu, wakati hakuna aliyetia hata punje moja ya sukari.

Wangu haukufunguka. Nilikaa pale jioni nzima. Kadiri ulivyopoa ndivyo ulivyoganda, mpaka ukawa wa kukata kwa kisu. Kumbe ndani ya kimea kuna vimeng'enya, na kazi yake ni kuukatakata wanga wa uji uwe sukari. Kwenye joto la nyuzi 60 hivi vinafanya kazi vizuri sana. Kwenye uji unaochemka vinakufa. Mpishi aliviua, na mimi ndiye niliyemshikia mwiko.

Nilipolalamika akasema nisiwe na wasiwasi, niongeze maji, nitie sukari na hamira, asubuhi itakuwa imechangamka. Yaani hiyohiyo ya kwenye video yako, neno kwa neno. Tukatia. Sukari ilikwenda kwa kilo, si kwa vijiko. Tukajaza kwenye madumu ya lita 20, tukakaza vifuniko ili isimwagike njiani, tukayapanga stoo.

Asubuhi madumu yalikuwa yamevimba matumbo. Hamira ikikutana na sukari inatoa gesi na inatoa kilevi, ndiyo kazi yake, haijui kama leo kuna jubilei ya watu. Tulipofika ukumbini kijana akafungua dumu la kwanza, kifuniko kikaruka, povu likapanda mpaka kwenye kitambaa cheupe cha meza ya keki. Ukumbi mzima ukanuka kilabu. Tulipokuja kushtuka, watoto walikuwa wameshagawiwa vikombe. Shangazi yangu ni Msabato, alinusa, akaninong'oneza, "Mwanangu, hiki ni nini mnachotupa?" Nilikosa jibu. Tukawa tunapita meza hadi meza kuwapokonya watoto vikombe, huku MC anatangaza kwamba sasa ni wakati wa kinywaji cha asili.

Na baba. Yeye tulimpelekea kwanza, kwa heshima. Akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni kidogo, akalimeza. Kikombe akakiweka chini ya kiti chake. Hakusema neno, siku ile wala baadaye. Wazee wa Mbinga wakafanya vilevile, vikombe vimejaa vimepangwa chini ya viti, watu wenye adabu zao hawataki kumwaibisha kijana wao. Soda ikaja kununuliwa mchana ule kwa bei ya rejareja, kreti kwa kreti, na pesa ya kutunza wazee ikapungua. Hela nimeshaisamehe. Vile vikombe chini ya viti sijavisamehe, na anayetaka kucheka acheke, ila kwanza alete togwa yake tuionje.

Mpishi yule alilipwa malipo yote. Nilipomuuliza akasema kwao ndivyo wanavyofanya. Sawa, basi angesema tangu mwanzo kwamba togwa haijui, tungemwachia pilau, maana pilau alipika vizuri. Linaloniudhi ni mtu kuzungumza kwa uhakika juu ya kitu asichokijua, tena kwa mtu aliyebeba heshima ya wazazi wake mkononi. Na hawa wa video ni walewale. Wanakwambia togwa ya haraka, wanakuonyesha glasi, barafu na mrija. Hawakuonyeshi mzee wa miaka 70 akiinywa.

Kuna mmoja hapo juu ameandika kwamba togwa ni uji tu na sukari ndiyo inayoleta ladha. Ndugu yangu, sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari tulikuwa tunaisikia kwa jina. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, maduka yalikuwa matupu, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia ni kwa mgawo na foleni. Shuleni tulikula bulga, nyumbani tulisonga ule unga wa njano wa msaada tuliouita yanga. Chai ya asubuhi ilikuwa majani na maji. Katika maisha hayo togwa ilikuwa tamu. Tukienda kulima kwa ujima, watu wazima walipikiwa pombe yao, watoto tuliwekewa togwa kwenye mtungi chini ya mti, na mtu alilima tuta lake haraka ili aufikie. Utamu huo uliletwa na kimea cha ulezi. Mama yako wa miaka 70 aliipika akiwa msichana, akawapikia nyie kwenye miaka hiyo. Ulimi wake unajua tofauti ya utamu wa kimea na utamu wa sukari ya dukani, na utaijua kwenye funda la kwanza.

Kwa hiyo usiniulize kimea kinauzwa wapi. Kimea unaotesha mwenyewe. Hilo ndilo jibu langu lote.

Nunua ulezi mpya, safi. Usichukue mbegu za duka la pembejeo, zile hupakwa dawa, zinaweza kuua watu. Kwanza jaribu konzi moja kwenye kitambaa kibichi, usipoona inachipua tafuta ulezi mwingine. Ukiwa mzima, uoshe, uloweke usiku kucha, asubuhi uchuje maji, uutandaze kwenye gunia safi lililoloanishwa na uufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, ugeuzegeuze usivunde. Siku mbili mpaka tatu utaona vimizizi vyeupe. Ukiona ukungu au harufu ya kuoza, tupa wote, usiwe na huruma. Ukishaota vizuri, anika juani mpaka ukauke kabisa na kulia ukiusugua. Jua tu, usiguse jiko wala oveni. Kisha usugue, upepete vimizizi vitoke, ndipo upeleke mashineni.

Kuna watakaokushauri mtama kwa sababu ni rahisi kupatikana. Mtama unatoa kimea kizuri, lakini chipukizi na mizizi yake vina sumu ya sianidi, lazima viondolewe vyote kabla ya kusaga. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza, tena kwa wageni, kaa kwenye ulezi.

Kupika ni kama nilivyokueleza kwa mama yangu. Unga wa mahindi, uji mzito uive kabisa, epua, acha upoe mpaka kidole kistahimili. Mimi sasa hivi natumia nusu kilo ya kimea kwa ndoo ya lita 20. Usipoona mwiko unalegea ndani ya nusu saa, ama uji umeshapoa sana ama kimea hakifai, na bora ulijue hapo kuliko ukumbini. Ukishafunguka, funika kwa kitambaa safi au kifuniko kisichokazwa, uweke kivulini. Kwa joto la Dar usiku mmoja unatosha, itaamka na uchachu mzuri. Vyombo vyote vimwagie maji ya moto kwanza, na ukitaka kuizimua tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Huo uchachu nao usiudharau. Watafiti wetu wa lishe waliichunguza togwa miaka ya 1990 wakaona uchachu wake unazuia bakteria wengi wa kuharisha wasikue. Na kimea chenyewe Taasisi ya Chakula na Lishe ilikihimiza tangu miaka ya 1980 kwenye uji wa watoto wadogo, kwa sababu kinalainisha uji mzito mtoto akapata chakula cha kutosha kwenye kikombe kidogo. Yule aliyeniambia kinaumiza tumbo angewauliza kinamama waliolea watoto wao nacho.

Na ukiweza, mpigie mama. Najua unataka kumshtukiza. Muulize kwa kuzunguka, mwambie mkeo anataka kujifunza. Wengine walichanganya mahindi na ulezi kwenye uji, wengine waliipenda tamu ya siku ileile kabla haijachachuka. Ya kwenu ilikuwaje, anayejua ni yeye.

Baba nilimpikia tena baadaye, nyumbani, bila kamati wala MC. Alikunywa, akaomba kata ya pili, akaanza kunihadithia mashamba ya Mbinga.

Sasa tufanye hesabu. Leo Jumatano, sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Loweka ulezi usiku huu. Kesho asubuhi tandaza kwenye gunia, Jumapili anza kuanika, Jumatano peleka mashineni. Alhamisi pika sufuria ndogo ya kujaribia, uone mwiko unalala. Ijumaa jioni pika ya watu. Mvua ikikukamata kwenye kuanika, tandaza ndani penye upepo, washa feni, usikimbilie jiko. Ukiona vimizizi na huna uhakika, piga picha uiweke hapahapa kwenye uzi, nitakujibu hata iwe saa nane za usiku.