Ukipewa kuandika wasifu wa hakimu, andika alichoamua

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Hakimu mstaafu wa kijijini kwao, mzee aliyetegemewa na wengi, amefariki, naye kapewa kazi ya kuandika wasifu. Aanzie wapi?

Baba yangu mdogo alikuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Enzi zake mawakili hawakuruhusiwa humo. Mwenye shamba na jirani yake walijieleza wenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya hakimu na washauri wa mahakama. Hata alipostaafu, watu walimfuata nyumbani na ugomvi wa mipaka na mirathi. Alipofariki nikaandika wasifu wake, na nilijivunia kila mstari. Nilieleza alivyomsimamia mjane mmoja asinyang'anywe shamba na shemeji zake, watu wenye nguvu pale kijijini. Mama mwenyewe nilimwomba ruhusa, akakubali kwa moyo wote. Usiku wa kuamkia mazishi kamati ikaufyeka wasifu: ikabaki shule, vituo vya kazi, idadi ya wajukuu. Yule mama alikuwepo, amekaa mkekani na wenzake, akasikiliza hadi mwisho. Bado inaniuma.

Kwa hiyo andika alichoamua. Ukisema Francis Nyalali alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu 1977 hadi 2000, umetaja cheo tu. Sema kwamba mwaka 1991 aliongoza tume ya kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Asilimia 77 hivi ya waliotoa maoni wakataka chama kimoja kiendelee, na bado tume ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hapo ndipo unamwona mtu. Au Augustino Ramadhani: brigedia jenerali, Jaji Mkuu 2007 hadi 2010, kisha rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. Mtu wa vyeo vyote hivyo akapokea upadri katika Kanisa Anglikana. Jambo hilo linastahili aya nzima.

Nenda kwa karani wake wa zamani. Nenda hata kwa aliyeshindwa kesi mbele yake. Akimheshimu huyo, umepata wasifu. Ndugu zangu, tunawazika watu wa haki kwa orodha ya vyeo, halafu tunashangaa vijana hawajui uadilifu ni nini! Watauona wapi?

Na kamati ikisema muda hautoshi, wakubalie, futa vituo vya kazi vyote. Kesi ya mjane isiguswe.