Maswali Yenu: Projekta ya betri kwa mpira wa uani

SWALI: Nataka projekta ndogo ya betri, familia iangalie mpira uani hata umeme ukikatika. Kariakoo nimeonyeshwa moja, boksi lake limeandikwa "lumeni 9,000". Niichukue? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Kwa namba hiyo peke yake, usiichukue. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na namba ya kwenye boksi si lazima iwe mwanga halisi. Projekta nyingi za kushika mkononi zenye betri ndani hutoa lumeni 200 hadi 500 kwa kipimo cha ANSI (utaratibu sanifu wa kupima mwanga wa projekta), na hicho ndicho cha kuulizia. Muuzaji akikosa jibu, mwombe aiwashe kwa betri, bila chaja, picha iwe na upana wa karibu mita 1.8. Kisha soma maandishi madogo ya pembeni, maana lenzi dhaifu huonekana kwenye kona kwanza. Uliza pia pikseli zake halisi, yaani nukta zinazounda picha yake, si zile za video "inazokubali" kupokea. Kwa mpira usishuke chini ya 1280 kwa 720, la sivyo mpira wa mbali unapotea.

Picha hiyo ya upana wa mita 1.8 ni ya inchi 80 kona hadi kona, na ina eneo la takriban mita za mraba 1.8. Lumeni 200 hapo zinatosha kabisa gizani. Ukiitanua hadi inchi 120, eneo linazidi mara mbili na picha inapauka. Kwa hiyo mechi ya saa 10 jioni uani isahau. Anza saa 1 usiku, taa ya baraza ikiwa imezimwa. Shuka jeupe moja hupitisha mwanga, basi weka kitambaa cheusi nyuma yake na ulifunge chini lisipeperuke.

Muda wa betri ni hesabu rahisi: wati-saa (Wh, umeme unaohifadhiwa na betri) gawanya kwa wati ambazo projekta inakula. Betri ya wati-saa 60 kwenye mashine inayokula wati 25 inafika saa 2 na dakika 24 ikiwa mpya. Mechi na mapumziko yake ni karibu saa 2, kwa hiyo dakika 30 za nyongeza zinaweza kukukatikia. Mashine nyingi pia hupunguza mwanga zenyewe zikiwa kwenye betri. Pawabenki ya kawaida ya simu, ya wati 10, haiwezi kuibeba. Tafuta ya USB-C inayotoa wati nyingi kama chaja ya projekta yenyewe, au zaidi.

Jambo linalosahaulika sana ni king'amuzi. Umeme ukikatika, projekta inabaki hai lakini king'amuzi kinazima. Soma volti na ampea kwenye adapta yake (vingi hutumia volti 12), kisha nunua betri ndogo ya akiba ya volti hizohizo yenye ampea zisizopungua hizo.

Tukiulizwa sisi, kwa familia usiku ni ununuzi mzuri. Kwa kibanda cha kulipisha watu, hapana. Chukua ya umeme yenye lumeni za ANSI 3,000 na jenereta.

SWALI: Nikiunganisha spika ya Bluetooth, mchezaji anapiga kwanza, sauti inakuja baadaye. Ni ubovu? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Si ubovu. Bluetooth hubana sauti, huituma, kisha spika huifungua, na hapo ndipo inapochelewa. Tumia waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la hedfoni la projekta hadi kwenye sabufa. Kama projekta haina tundu hilo, angalia kwenye mipangilio ya sauti kama kuna sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji.