Taja kitu kimoja kwanza, makumbusho baadaye

Safari yetu ya kwanza ya makumbusho ya ndege niliipanga kama mtu anayekwenda sokoni na njaa: kila ninachokiona nakitaka. Tulitoka Columbus, Ohio, tunakoishi, mimi na wanangu wawili. Asubuhi Dayton, usiku barabarani, kesho yake Chantilly, Virginia, kisha mbio hadi Washington mjini. Mamia ya ndege yalipita mbele ya macho yetu. Wiki moja baadaye nikamuuliza mdogo alipenda ipi. "Ile ya aiskrimu," akasema.

Mara ya pili nikawaambia kila mtu ataje kitu kimoja tu anachotaka kukiona kwa macho yake. Mkubwa akataja Discovery, chombo kilichokwenda angani mara 39 kati ya 1984 na 2011. Mdogo akataka ndege ya Rais Kennedy. Mimi nikataja ndege ya akina Wright, wale ndugu wawili Wamarekani walioruka kwanza kwa ndege yenye injini. Vitu vitatu, siku tatu. Ratiba ikaisha hapo hapo mezani.

Dayton hakuna kiingilio na maegesho ni bure, na huo ndio mtego wenyewe. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani yana mabanda makubwa manne, na ukianza la kwanza kwa utaratibu, la nne utalifikia miguu imekufa. Sisi tulianza na la nne, kwa sababu ndimo ilimo ndege ya Kennedy. Ndani njia ni nyembamba, mtu mnene atapita kwa ubavu. Kule nyuma ndiko walikong'oa viti Novemba 22, 1963, ili jeneza la rais lipate nafasi, na humo humo makamu wake Johnson akala kiapo cha urais. Mdogo aliuliza jeneza liliingilia mlango gani, nikamwonyesha. Tulipotoka tulizunguka saa moja hivi bila mpango, basi tukaondoka. Ndiyo, tuliacha ndege kibao bila kuziona. Sijutii.

Sasa Discovery. Watu wengi hudhani ipo Washington mjini. Haipo huko. Ipo Kituo cha Udvar-Hazy, Chantilly, kando ya uwanja wa ndege wa Dulles. Kuingia ni bure, ila gari tulililipia dola 15, na chakula nilibeba chapati na mayai tukala garini. Kwenye picha chombo kile ni cheupe pe. Ukisimama chini yake unaona kimechafuka kwa safari: michirizi ya moshi ubavuni, na tumboni vigae vyeusi maelfu kwa maelfu, kila kimoja kimeandikwa namba yake. Vingine ni vyeusi ti, hivyo ni vipya. Vilivyopita kwenye moto wa kurudi duniani mara nyingi vimepauka, vimekuwa kijivu kama masizi ya zamani. Watoto waligeuza hilo kuwa mchezo, nani ataona kigae kipya. Ilichukua dakika 40 na hakuna aliyeomba simu.

Hapo hapo nikawasimulia kuhusu setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalumu kutafuta miale ya eksirei angani. Ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, siku Kenya inaadhimisha uhuru wake, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Mkubwa akataka kujua ipo makumbusho gani. Hakuna. Iliungua ikirudi kwenye hewa ya dunia mwaka 1979.

Washington mjini ndiko nilikoumia safari ya kwanza. Makumbusho ya ndege ya taasisi ya Smithsonian, iliko ndege ya akina Wright, ni bure lakini unatakiwa uwe na tiketi ya muda maalumu, nayo huchukuliwa mtandaoni mapema. Sikusoma. Tukafika mlangoni mikono mitupu, tukageuza. Tena jengo limekuwa kwenye ukarabati tangu 2018 na kumbi zinafunguliwa kwa awamu, kwa hiyo kabla ya kukata nauli hakikisha kitu chako kipo kwenye maonyesho wiki hiyo hasa. Kuona tu kwamba jengo liko wazi hakutoshi.

Ndege ya akina Wright ni mbao, nyaya na kitambaa. Safari yake ya kwanza, Desemba 17, 1903, ilikuwa ya sekunde 12 na mita 36 tu. Tulipima mita hizo kwa hatua nje ya jengo, watoto wakacheka. Sehemu niliyoipenda mimi ni ugomvi: Orville, mmoja wa ndugu hao, alikasirishwa na taasisi hiyo hiyo ya Smithsonian kumpa mtu mwingine sifa ya ndege ya kwanza, akaipeleka ndege London, ikakaa huko tangu 1928 hadi 1948.

Kama unatoka nyumbani kupitia Addis Ababa na tiketi yako inaishia Dulles, usikimbilie mjini siku hiyo. Lala karibu na uwanja, na kesho yake wahi Udvar-Hazy kabla ya wageni wengi kufika. Wana mnara wa kutazamia ndege zikitua. Huenda ukaiona na ile iliyokuleta.