Kuni Zenye Wadudu

Swali: Bwana Mhariri, mimi hupika maandazi ya kuuza hapa Likoni, na kuni zangu huletwa kwa lori kutoka mbali, bara. Rundo nimeliweka chini ya mwembe, na kila asubuhi naona unga mwembamba chini ya magogo. Je, mti wangu umo hatarini?

Jibu: Dada yetu, huenda umo. Unga huo ni vumbi la mbao linalosukumwa nje na wadudu watobozi, na ingawa si wote wanaoshambulia mti ulio hai, kwa macho matupu ni vigumu kuwatofautisha. Kukausha kuni pekee hakutoshi, kwa kuwa mabuu walio chini ya gome huweza kuishi humo miezi mingi, kisha wakatoka wakiwa na mbawa. Huko Marekani, mbawakawa wa kijani mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti, na mara nyingi alifika mbali kwa kubebwa ndani ya kuni zilizopakiwa magarini. Tafadhali lihamishe rundo hilo leo, uchome kwanza magogo yenye matundu pamoja na magome yake (wengi huyatupa shambani, jambo linalotusikitisha sana), na kuanzia sasa ununue kuni zilizokatwa karibu, hapo Kwale.