Walipigana na Hitler, mbona wakafungwa kwao?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma Prague. Mtaa wa Klárov kuna sanamu ya simba mwenye mabawa. Mwenye nyumba wangu anasema ni ya marubani waliopigana na Hitler, kisha serikali yao wenyewe ikawafunga. Ilikuwaje? Na rafiki zao, waliwakimbia?
Msomaji, Prague

JIBU: Marahaba mwanangu. Uliyoambiwa ni kweli, na kila nikiyasoma naumia upya.

Hitler alipoiteka nchi yao, Chekoslovakia, Machi 1939, vijana wengi walitoroka kupitia Poland, wakapigana Ufaransa, kisha wakavuka kwenda Uingereza. Huko kiasi cha 2,500 walitumikia jeshi la anga. Mwaka 1945 walirudi wakishangiliwa. Februari 1948 Wakomunisti wakatwaa madaraka, na mtu aliyeishi Uingereza, hasa aliyeoa huko, akaanza kutazamwa kama jasusi. Wakafukuzwa jeshini, wengine wakatiwa gerezani. Mkuu wao, Karel Janoušek, ambaye mkewe alikufa katika kambi ya Wanazi, alitoka kifungoni mwaka 1960 akawa karani.

Anayenitoa machozi ni Josef Bryks. Alipokuwa mateka wa Wajerumani alitoroka kambini zaidi ya mara moja, na safari moja alijificha ndani ya tangi la maji taka. Wajerumani hawakumuua. Nchi yake mwenyewe ilimpeleka kwenye migodi ya urani ya Jáchymov, akafia kifungoni mwaka 1957 akiwa na miaka 41. Mahali yalipo majivu yake palikuja kujulikana mwaka 2009.

Sasa rafiki zao. Sitakudanganya, wapo waliowachongea wenzao. Polisi wa siri walijua kumbana mtu kupitia mkewe na watoto wake, nami siwezi kumhukumu baba aliyetishiwa hivyo. Hata kukutana tu kunywa bia na mwenzako wa kikosini kulitosha kutiliwa shaka.

Lakini soma habari za tarehe 24 Machi 1950. Asubuhi hiyo ndege tatu za abiria ziliruka, moja kutoka Brno, moja Ostrava, moja Bratislava. Zote zilitakiwa kutua Prague. Zote zikatua Erding, karibu na München, Ujerumani, upande uliokuwa chini ya Wamarekani, mbali na mkono wa Wakomunisti. Waliopanga safari hiyo walikuwa marubani waliowahi kurushia Uingereza ndege za vita. Mmoja wao, Oldřich Doležal, ndiye aliyeongoza ndege iliyozamisha meli ya Wajerumani Alsterufer, Desemba 1943.

Hebu fikiria, mwanangu: miji mitatu, marubani kadhaa, wake na watoto ndani ya siri hiyo. Mmoja angemnong'oneza polisi neno moja tu, wote wangekamatwa kabla hata injini hazijawashwa. Hakuna aliyenong'ona.